Neno Nililolitoa Mbele ya Wageni

Mpwa wangu, mwanangu Zaina,

Kabla hujaisoma barua hii, ujue kwanza inatoka kwa nani. Inatoka kwa mtu ambaye bila yeye Uhuru ungefika Handeni umechelewa. Bendera mpya ilipoletwa kutoka Korogwe, gari lililoibeba lilizama kwenye tope, dereva akashuka akashika kichwa, na mabega yaliyolitoa pale ni haya haya niliyoyaegemeza ukutani sasa ninapokuandikia. Nisingekuwapo, nchi nzima ingekuwa huru na sisi tungebaki wa Malkia mpaka mvua ikatike. Bwana mkubwa mmoja aliyekuwa ndani ya gari alinishika mkono, akaniuliza jina, nikamwambia Mhina, akasema, Mhina, serikali haitakusahau. Kama imenisahau, hilo ni lake. Mimi sikumbushi mtu.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila jambo gumu huwa naliingilia kwa mlango huo. Unanijua. Mtu akija kudai jembe lake nililoazima, humweleza kwanza habari za bendera.

Habari za sweta, za kula vizuri, za kuswali kwa wakati hata kama huko jua halionekani, mama yako amekwisha kukuambia, na aliyoyasahau shangazi zako wameyaongeza. Nimewasikia kutwa nzima. Mimi sina la kuongeza hapo. Kesho asubuhi utashika gari Segera, uende Dar es Salaam, upande ndege yako, na mimi nina neno moja tu ambalo lazima liondoke pamoja nawe. Ni neno la jana.

Jana, kwenye karamu ya kukuaga, tulikula tukashiba. Mwenyekiti wa kijiji alikula mbuzi yule kama mtu aliyekuwa akimtafuta tangu mwezi wa Ramadhani. Baada ya kunawa, mwalimu mkuu akakuuliza mbele ya watu wote, binti, hasa hasa unafanya nini huko Ulaya? Nami nikakaa sawa, maana kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwaeleza watu unachofanya, na nilitaka kusikia kama nilikuwa nakaribia.

Ukasema mahali unaposomea kuna kinu kidogo cha nyuklia. Si cha umeme, ni cha utafiti tu, kiko chini kabisa ya bwawa la maji lililojengwa ndani ya nyumba. Kuni zake, ukasema, si kuni, ni mabamba membamba ya urani yaliyovikwa ganda la alumini. Yamesimama ndani ya maji yakiachana nafasi ndogo kama kurasa za msahafu uliosimamishwa, na maji yanapita katikati kuyapoza. Maji yakipita vizuri, watu wanalala salama. Bamba likipata joto kupita kiasi, ganda huvimba na kupasuka, na sumu iliyomo ndani huingia majini, kisha huenda kwa watu. Na hakuna mwenye uwezo wa kupenyeza kipimajoto ndani ya bamba aseme, joto ni hili. Inabidi lihesabiwe. Hesabu hiyo ndiyo kazi yako. Unaifanya kwa kompyuta, mashine kubwa kama chumba, unailisha kadi zilizotobolewa matundu.

Mwenyekiti akasema, kumbe rahisi, mashine inajua. Ukacheka, ukamwambia, mzee, mashine haijui kitu, inajua ulichoiambia. Unene wa ganda wewe hujui hasa, unajua ni kati ya hapa na hapa. Nafasi ya kupitia maji, kati ya hapa na hapa. Kasi ya maji, hivyo hivyo. Basi hesabu huifanyi mara moja. Unaifanya mara nyingi mno, kila mara unaokota unene mwingine, nafasi nyingine, kasi nyingine, na kila mara mashine inakupa joto jingine. Hapo ukavuta ungo wa kunde aliokuwa nao shangazi yako, ukachota konzi, ukazimwaga mkekani. Nyingi zikalala rundo katikati. Chache zikatawanyika. Moja ikabingirika mpaka ikagonga mguu wa shehe.

Ukasema, "Jibu langu ni zote hizi. Watu wengi wanatazama rundo. Mimi nimeajiriwa kuitazama ile iliyomgonga shehe."

Watu walicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Shehe aliiokota ile kunde akakurudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha amana.

Ndipo ukatoa kilichokukaa rohoni likizo nzima. Ukasema mkuu wa kikundi chenu anataka kinu kiongezwe nguvu. Ripoti ya joto la mabamba inatakiwa iende kwa wale wanaotoa ruhusa, na ripoti hiyo utaiandika wewe na kutia sahihi yako. Amekuambia kunde zilizotawanyika zinawatisha wakubwa bure. Andika namba moja, ile ya katikati, tia sahihi, tuendelee. Ulimwomba akuache ufikiri, na sasa ukirudi hilo ndilo la kwanza linalokungoja mezani.

Halafu ukanigeukia mimi. Mwalimu mkuu yupo pale na vyeti vyake, hukumtazama. Ukasema, "Mjomba, ungekuwa wewe?"

Nami sikungoja hata kumeza. Nilisema, "Andika moja. Wakubwa hawali labda. Mtu mzima akiulizwa hutoa neno moja, akakaa."

Lo, walivyonisifu. Mwenyekiti alipiga goti lake kwa kofi, akasema hayo ndiyo maneno ya darasa la nne la zamani, la sasa halioni ndani. Mimi nikainama kidogo, kama mtu aliyezoea. Nawe ukatazama mkeka, ukasema, "Ndiyo, mjomba."

Hiyo "ndiyo" yako ndiyo iliyoninyima usingizi. Ungebisha ningelala. Lakini wewe ni Mzigua, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na katika ukoo huo mjomba ni kama zumbe, mtawala wa jadi. Baba yako, Mungu amrehemu, mtu mwema wa Magoma, alikupa sura na adabu, lakini siku alipotaka kukutoa shule alikuja kwangu kuomba, nikakataa, akarudi kwao bila neno. Neno la mjomba si ushauri. Najua kwamba ulipoitikia ulikuwa umekwisha amua kunitii. Nimekuona leo unapanga sanduku. Unakunja nguo kama mtu aliyekwisha kata shauri na hakulipenda.

Basi nalirudisha. Usiandike namba moja. Andika kunde zote.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wewe utauliza kwa nini mjomba amegeuka, na ukikosa sababu utadhani ni uzee. Sababu yenyewe ni kisima.

Mwaka ule wa operesheni, watu walipokusanywa kutoka vitongojini wakae kijiji kimoja, wewe ulikuwa bweni Korogwe, kwa hiyo uliyakuta mambo yamekwisha. Uliona nyumba zimepangwa mstari ukadhani zilishuka hivyo. Mahali palipofikiriwa palikuwa pawili. Kulikuwa na bondeni, karibu na mto, kwenye mbu na udongo wa tope. Na kulikuwa na huku kwetu juu, mikuyuni, penye kisima cha zamani. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Tena nilikuwa nimetoka tu kuezeka nyumba yangu kwa bati, bati la kwanza tangu hapa mpaka Misima. Haya, la pili.

Ukichukua bondeni, mimi nahama, naacha nyumba ya bati inalala popo. Ukichukua mikuyuni, wengine wote wanahama, mimi nakaa barazani nawakaribisha. Unaelewa. Hakuna aliyeniuliza juu ya bati, na mimi sikulitaja. Lilikuwa tu pale juu linang'aa.

Akaja afisa mmoja wa mambo ya maji, kijana mpole, suruali imejaa mbigili mpaka magotini. Akaagiza tuchote bila kupumzika tangu asubuhi, ili tuone kwenye kamba yenye mafundo maji yanashuka kiasi gani. Ilikuwa mwisho wa masika, na masika mazuri, vyura wanalia hata ndani ya viatu. Vijana wakachota. Maji yakashuka fundo moja, yakasimama. Tukashangilia. Yakashuka tena. Nilipoona yameanza kushuka tena, nikasema watu wana njaa, tule kwanza, kazi si vita. Tukala bada la muhogo polepole, mimi nikisimulia. Tuliporudi, maji yalikuwa yamepanda mahali pake, meupe, yametulia. Nikamwita afisa, nikamwambia, njoo uone mwenyewe.

Akaona. Lakini hakuwa mjinga. Akaniuliza, "Na kiangazi, mzee?"

Unajua desturi yetu. Msafiri akikuuliza kama aendako ni mbali, humwambii ni mbali hata kama atafika kesho kutwa. Unamwambia ni hapo tu, mbele kidogo. Hatuiiti uongo. Tunamtia mgeni nguvu ya miguu, na akifika amechoka harudi kukugombeza, maana naye kwao hufanya hivyo hivyo. Nimekua katika hiyo "hapo tu". Wazazi wangu walikuwa hapo tu. Basi nikamjibu kijana wa watu kwa desturi ile ile, kwa sauti hii unayoijua, kwamba kisima hiki hakikauki. Akaandika: hakikauki. Akanishukuru, akaendelea kung'oa mbigili.

Pembeni alikuwapo Lekishon. Wewe ulimwona utotoni, yule mfugaji wa nyikani aliyekuwa akinywesha ng'ombe kwetu, ambaye nilikuwa namwita mnywa damu na yeye akiniita panya wa mihogo, na siku ikipita bila kutukanana tulikuwa tunaulizana kama kuna mgonjwa. Serikali ilikuwa imemtaka naye atulie mahali pamoja na ng'ombe wake, na alikuwa anapima akae na nani. Afisa alipoondoka, Lekishon hakutania. Aliniuliza, hakijakauka hata mara moja? Nikamwambia, hata mara moja.

Sasa sikiliza, Zaina. Bibi yako, mama yetu, alitusimulia mara nyingi kwamba mwaka wa njaa, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, kisima hicho hicho cha mikuyuni kilikauka mpaka wakachimbua tope wakalikamua ndani ya kaniki, na kilichodondoka ndicho walichonipa. Habari hiyo naijua kama ninavyojua jina langu. Tope lile ndilo lililonikuza. Ndiyo kunde iliyobingirika mbali na rundo. Niliiona inabingirika, nikaweka mguu juu yake.

Kiangazi cha kwanza maji yalitosha. Nilitembea kijijini kama niliyeyakojoa mwenyewe. Mwaka uliofuata vuli haikuja, masika yakaja yakachungulia yakaondoka, na kufika kiangazi ndoo ilikuwa inarudi na tope. Watu wote wamekwisha hamia. Nyumba zimejengwa. Hakuna wa kurudi alikotoka, maana alikotoka pamebomolewa. Wanawake wakawa wanatoka na madebe jogoo la kwanza kwenda mtoni, ule ule mto wa bondeni, wanarudi jua la utosi. Wasioweza mwendo wakachota kwenye dimbwi la ng'ombe. Watoto wakaanza kuhara. Sitakutajia majina ya waliozikwa kiangazi kile. Wazazi wao wapo, na wadogo kwa umri kati yao bado wananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba. Kila marahaba inanitoka kwa shida, na wao wanadhani ni kifua.

Lekishon aliondoka na ng'ombe wake kuelekea nyika ya mbali kutafuta maji. Alichelewa kuondoka. Alichelewa kwa sababu alikuwa ananingoja mimi na kisima changu kisichokauka.

Hilo pekee lingetosha kuniinamisha. Lakini lililo baya zaidi sijalisema, nami nimekaa hapa muda naichezea kalamu kama kijana anayeandikia mchumba.

Watu walianza kuuliza. Walikuja uani kwangu, wengi, wakasimama bila kukaa, na nikaona macho yao yanatoka kwangu yanapanda kwenye bati, yanashuka, yanapanda. Mmoja akasema, balozi, ulisema hakikauki. Ningeweza kujibu pale. Ningesema mama yangu aliniambia, nikaficha. Wangenipiga, labda, na ningepona. Badala yake ulimi huu, uliolisukuma gari la bendera mara nyingi kuliko mabega, ukasema kisima kimechukizwa. Kuna mtu ametumbukiza chungu chenye masizi.

Unajua mwiko huo. Hakuna mtoto wa kwetu asiyeujua: chungu kilichotoka motoni hakigusi maji ya kisima, unachota kwa kata, kisima kikiona weusi kinaondoka. Sikumtaja mtu. Sikuhitaji. Wakati wa arusi ya binti wa jirani, mama yako akiwa na haraka ya kupikia wageni, alionekana mikuyuni na chungu cha jikoni. Mimi mwenyewe nilimtania siku ile mbele ya watu. Basi nilijua watakumbuka, na walikumbuka. Nilisimama pale nikaliangalia jina la dada yangu likipita mdomo kwa mdomo mpaka likarudi kwangu, nami nikainamisha kichwa kama kaka aliyehuzunika.

Wakamwita. Hakukana. Hakusema kwamba arusi ile ilikuwa imepita miezi mingi na maji yalikuwa tele. Alisema kama ni mimi, basi nayaomba maji radhi. Akatoa kuku wake mweupe kwa tambiko. Mtu aliyemshika kuku yule miguu wakati anachinjwa ni mimi.

Mvua haikunyesha.

Na maji yaliporudi, mwaka wa pili yake, wanawake walimweka mama yako wa mwisho kwenye foleni ya kisima. Hakuna aliyepitisha amri. Ilikuwa tu anasogea, wanasogea mbele yake. Ulipokuja likizo uliwahi kumuuliza kwa nini anachota jioni peke yake, akakuambia jioni kuna upepo. Nilikuwapo. Nikasema ni kweli, jioni kuna upepo mzuri.

Baada ya mwaka mmoja hivi nilikutana na Lekishon pale Segera, njia panda, anauza ngozi. Ng'ombe waliomsalia wangeenea kwenye kivuli cha mchongoma mmoja. Nilitaka kupita upande wa pili lakini alikuwa ameniona. Nikamwita mnywa damu, nikacheka peke yangu. Akaweka ngozi chini, akaniuliza, "Mhina, ulisahau au uliacha?"

Alikuwa amesikia, unaona. Huko alikokwenda alikutana na mzee mmoja wa kwetu aliyeukumbuka mwaka wa kaniki.

Nikasema, "Nilisahau."

Akasema, "Mtu husahau." Akaninunulia chai na andazi. Nilikula andazi lile lote, mwanangu. Alikuwa ananitazama, kwa hiyo nilikula.

Jana uliposema mkuu wako anataka uache zile kunde za pembeni, nilisikia sauti ya Lekishon waziwazi, na bado nikajibu nilivyojibu, kwa sababu wageni walikuwa wamenigeukia wote na ilikuwa zamu yangu kupendeza. Hivyo ndivyo jambo hili linavyokuja. Haliji na pembe. Linakuja umeshiba, watu wako wote wamekaa, mtu mmoja anakuuliza swali na kukungojea uwe mkubwa.

Mkuu wako huyo simjui. Sidhani ni mtu mbaya. Mimi pia sikuwa mtu mbaya, ningekuwa mbaya ningekumbuka kuwa na hofu. Lakini na yeye ana bati lake mahali, linang'aa, hujalionyeshwa. Siku hizi mimi nikiona namba inanipendeza, namba ya magunia, ya mvua, ya umri wangu, naiuliza kwanza: wewe unakaa nyumba ya nani? Nyingi nakuta zinakaa kwangu.

Jambo moja la hesabu yako nimelielewa vizuri kuliko mwalimu mkuu, ingawa si kwa akili. Siku ya kupima kisima mimi sikumdanganya yule kijana kwenye kamba. Kamba ilisema kweli, fundo lilisema kweli, maji yalikuwa kweli yamepanda. Ilikuwa namba safi kabisa ya siku moja ya masika, baada ya mlo. Ningemwambia tu, bwana, kamba inasema hivi, lakini mama yangu alikamua tope, na kati ya hii na ile mimi sijui, angeandika hivyo. Angekunja uso, angeuliza wazee wengine, pengine kijiji kingekwenda bondeni na mbu wake. Mimi ningelilia bati langu msimu mmoja. Neno "sijui" ningelitema kwa dakika, na sasa ni miaka nalitafuna.

Kwa hiyo wakikuambia kunde zako zinatisha, waache watishike. Weka rundo, weka na zile za mbali, na ile ya mbali kabisa usiiseme kwa sauti ndogo. Tia sahihi yako hapo. Wakikataa, wataandika namba yao kwa mkono wao. Wakikurudisha nyumbani, rudi. Watu hapa watasema umeliangusha taifa, na mimi nitawaambia waje kwangu, taifa nalifahamu, niliwahi kulisukuma. Tulikuwa watu kama ishirini, ukitaka ukweli, na mimi nilikuwa nyuma upande wa kushoto.

Leo baada ya sala ya alasiri nilikwenda kwa mama yako. Nilisema siwezi kukuandikia wewe kabla yeye hajasikia. Alikuwa anapepeta mchele wako wa njiani. Nikakaa kwenye kinu, nikamweleza yote, mwaka wa kaniki, bati, chungu, nikimtazama mikono tu. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akapuliza makapi, akasema:

"Yule kuku alikuwa anataga, kaka."

Basi. Akaendelea na mchele. Nilingoja, nikangoja tena, mpaka nikaona nakaa kwenye kinu anachokihitaji. Nikaondoka. Hakuniita kula. Ukiniuliza kama amenisamehe, jibu langu ni kati ya hapa na hapa, na mapana yake ni makubwa.

Kijiji sijakiambia. Gari lako likishaondoka nitamwendea mwenyekiti na shehe niwaambie neno la juzi nimelirudisha, wewe hufungwi nalo. La kisima na la chungu ni lazima liende hadharani pia, maana mama yako bado anachota jioni. Siku sijaitaja. Nikikutajia siku utaiamini, na mimi sijaijaribu miguu yangu.

Nimebakiza dogo moja, nalo lina aibu yake.

Ukifika, ukaamua, ukatia sahihi, niandikie uliandika nini. Ila andika herufi kubwa, tafadhali, kubwa kama hizi zangu, ambazo usidhani ni madoido. Macho yangu ya karibu yameniacha tangu mwaka juzi. Watu nimewaambia miwani ni ya wazee. Sasa barua zako, unajua, mama yako hunipa nimsomee mbele ya shangazi zako wote, na mwandiko wako ni mwembamba kama njia ya sisimizi. Pale nisipoona, sikunyamaza. Nilijaza. Juzi mama yako alipokuuliza yule daktari mwenye farasi wawili amefikia wapi na posa yake, nawe ukamkodolea macho, shangazi zako wakasema unaona haya: hakuna daktari, mwanangu. Ni mimi. Nilianza na daktari tu, lakini shangazi yako mkubwa akauliza ana mali gani. Na mama yako yuko kitabu cha pili cha kisomo cha watu wazima, anasoma kwa kidole lakini anasoma, na barua zako zote amezifunga kwenye leso yake.

Mjomba wako,
Mhina